Ufunguo wa Kanuni

Likizo ya kidato cha pili, Wete.
Watoto kumi na saba, ala tisa,
magodoro ya sponji yametandikwa darasa la nne,
na ubaoni bado zipo hesabu za mtu mwingine:
saba mara nane, jawabu limefutwa nusu.

Mwalimu Shaame alitupanga kwa vidole, si kwa sura.
"Nyoosha." Tukanyoosha.
Faki, vidole vifupi, akapewa dumbaki.
Raya Massoud, aliyeutaka udi tangu kuzaliwa,
akapewa fidla, akalia mpaka adhuhuri.
Mimi nilitazamwa kucha, nikageuzwa kiganja,
nikapakatishwa sanduku pana kama sinia ya harusi,
limekatwa pembe moja, nyuzi sabini na tano.
"Hii kanuni. Usiipige.
Wiki ya kwanza utaitia sawa tu."

Wiki nzima!
Nilikuwa na ufunguo wa shaba, mdogo kuliko kidole cha mwisho.
Unaupachika kichwani mwa kigingi, unazungusha,
si sana: kiasi cha mtu anayegeuza shingo
akisikia kama ameitwa.
Nyuzi tatu lazima ziseme neno moja.
Zikisema mawili, kuna mtikisiko ndani,
kama maji ya kisima ndoo inapotoka.
"Zimegombana hizo," Mwalimu husema toka dirishani,
mgongo ametupa sisi. "Zipatanishe."

Asubuhi, uji wa mtama. Bi Kazija aligonga sufuria
kwa mapigo yasiyo na hesabu,
Faki akimwandama na dumbaki, akimkosa, akimwandama.
Siku ya tisa wakakutana.
Bibi akautupa mwiko, akajifunika leso usoni kwa kicheko.

Umeme ukikatika tulijifunza gizani,
na gizani ndimo nilimoipata bayati:
ile sauti iliyo kati ya vitufe viwili vya akodiani,
ambayo akodiani haina pa kuiweka.
Nikadhani nimekosea.
"Hujakosea. Hapo ndipo penyewe. Kaa."
Nikakaa.
Sasa nina miaka arubaini na moja
na sijaambiwa neno zuri kulishinda hilo kaa.

Onyesho lilikuwa Alkhamisi.
Jumatano, baada ya alasiri, baba akaja na vespa.
"Karafuu haingoji nyimbo. Twende zetu."
Mwalimu alimsihi: siku moja tu, Bwana Mbarouk, siku moja.
Baba akajibu kwamba nyumba yake ina kanuni zake.
Hakujua alilolisema.
Raya akacheka, kisha akaziba mdomo.

Mtambwe, nikivua gauni nivae kanga ya kuchambulia,
kitu kikaanguka sakafuni, kikalia: ting.
Nilikijua kabla sijainama.

Sikusema. Ningeweza kusema.
Baba angefoka, angerudi Wete au asingerudi;
sikumpa hata nafasi ya kuchagua.
Usiku wa Alkhamisi nilichambua karafuu
mpaka vidole vikawa vyeusi, huku nahesabu:
sasa wanaingia,
sasa wanakaa,
sasa kuna mkono unapapasa chini ya sanduku,
juu ya meza, chini tena.

Raya alinisimulia mwaka uliofuata, foleni ya mafuta ya taa.
Waliazima koleo la fundi baiskeli. Nyuzi nne zikakatika.
Basi kanuni ikawekwa mbele palepale, haikupigwa,
kama mgeni wa heshima asiyejua lugha.
"Mwalimu kasema nini?"
"Watu walimuuliza ya nani.
Kasema mwenyewe yuko njiani."

Ufunguo umo katika mtoto wa meza,
pamoja na vifungo na risiti za bandarini.
Wanangu wanadhani ni wa saa ya ukuta.
Kuna usiku friji huvuma jikoni
na mvumo wake haujatua, uko chini kidogo,
kidogo tu,
na mkono wangu, kitandani, unazunguka.